Mbalungi wa Baba Uliovaa Msiba

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu utuache katikati ya joto, huku nyenje wakipiga makelele mitini kana kwamba hakuna aliyewaambia kuna msiba. Uliondoka madodoki yakiwa yametanda kichanja kizima na matango yakisubiri kuchumwa. Wewe mwenyewe ungelikasirikia jambo hilo. Ungesema mtu anayeondoka mwezi wa tano hana habari na bustani yake.

Kwa wale wasiokujua: ulikuwa Luong Van Thuc, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo mjini kwa sehemu kubwa ya maisha yako, na siku ulipostaafu ulihamia uani. Hatusemi kwa mzaha. Kipande kile cha nyuma ya nyumba, ambacho jirani zetu kwao wamejengea vyumba vya kupangisha, wewe ulikijaza mboga za nderema, mlenda, nyanya chungu, nanaa, mchaichai, mtopetope mmoja, mipopoo miwili kwa ajili ya tambuu ya Shangazi Ngat, na ule mbalungi kule pembeni karibu na kisima. Mama alikuwa akisema ameolewa mara mbili, kwanza na mwanamume, halafu na fuko mchimba udongo.

Majira ya joto ndiyo yalikuwa yako. Kabla jua halijakaza ulikuwa umeshatoka na kaptura ya kijani yenye matundu na ndoo mbili, ukianza kumwagilia nderema kwa sababu, ulidai, zina kisirani kuliko mboga nyingine zote. Ulichuma tango, ukalifuta kwenye fulana, ukalila palepale umesimama, halafu ukamsingizia panya. Panya gani huyo aliyekuwa akiacha vikonyo vya tango vimepangwa juu ya ukuta? Jioni tulitandika mkeka chini ya kichanja, feni ikavutwa kwa waya mrefu kutoka sebuleni, na Mama akaleta supu ya kaa wa majaruba iliyopikwa na mlenda. Ulikula taratibu, macho juu, ukichagua dodoki la kesho. Mtu akikuletea mazungumzo ya maana, bei ya mchele au ugonjwa wa fulani, ulimwacha amalize kwa adabu, kisha ukamwuliza kama ameliona ua lililochanua leo.

Na ulikuwa mwema kwa namna yako ya kujificha. Watu wa njia ya kisimani walizoea kuamka na kukuta kifungu cha mboga kimening'inia getini, hawajui kimetoka kwa nani. Ukiulizwa ulijibu kwa ukali kwamba wewe huna hata mboga za kukutosha mwenyewe. Hakuna aliyekuamini, na hakuna aliyekukatalia.

Sasa tukupe habari za Mama, maana ndizo zilizofanya tangazo hili la kumbukumbu yako liwe refu kuliko matangazo ya wenzetu.

Karibu mwaka mzima Mama alikuwa hakai, Baba. Tangu tukuzike hatukumwona ameketi mpaka kiti kikapata joto. Anakula amesimama mlangoni, bakuli mkononi, na akiona jani la njano analiweka bakuli chini na kwenda, wali bado uko mdomoni. Anamwagilia mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Leo anahamisha miche ya nanaa, kesho anairudisha ilipokuwa, keshokutwa anaihamisha tena. Mbu wanamla, jua linambabua, hasikii la mtu. Binti yako Diu, kila anapokuja kutoka mjini, humwambia, "Mama, hebu pumzika hata kidogo." Na jibu limekuwa lilelile mwaka mzima: "Nitapumzika mti ukizaa."

Mti anaousema ni mbalungi, na sababu unaijua. Mwaka jana, tarehe tano ya mwezi wa tano kwa hesabu ya mwezi mwandamo, ulikuwa kitandani huwezi kuinuka. Ni siku ile ambayo kijiji kizima hula wali wa kunata uliochachuka, asubuhi na mapema kabla ya kitu kingine, ili kuua wadudu wa tumboni. Na saa sita, jua likiwa utosini, miti mivivu husomewa mashtaka. Mmoja hupanda juu akawa mti. Mwingine husimama chini na panga akautisha. Miaka yote wewe ulikuwa mti na Mama ndiye mwenye panga, na majirani walikuwa wakiegemea ukuta kuwasikiliza kama wamekuja kwenye maigizo.

"Wewe mbalungi mvivu," Mama angesema, akigonga shina kwa mgongo wa panga, "unakula samadi yangu bure. Nikukate nipikie?"

"Nihurumie, bibi," ungejibu kutoka juu kwa sauti nyembamba ya kulialia. "Mwaka huu nitazaa. Ila mwambie na mumeo aache kunikojolea shinani, maana ananiharibia hamu."

Ukweli ni kwamba mbalungi ule haukuwahi kutupa zaidi ya matunda machache yenye ganda nene na maji kidogo, lakini hukukubali uguswe. Uliuotesha mwenyewe kutoka tawi la mti wa marehemu mama yako. Basi mwaka jana, wewe ukiwa kitandani, Mama alitoka peke yake na panga lake ili siku isipite bure. Akagonga shina, akauliza kama kawaida, hakuwa akitarajia jibu. Nawe ukamjibu kupitia dirishani, kwa sauti ileile ya mti, ingawa pumzi ilikuwa ya kuokoteza: "Nitazaa, bibi. Nipe mwaka mmoja tu." Siku chache baadaye ukafariki. Katika siku hizo ulimwomba maji, ulimwomba akugeuze, lakini neno jingine la kukaa na kulifikiria hukumpa. Amebaki na hilo.

Siku ya mazishi miti yote ya bustani ilivikwa vitambaa vyeupe kama inavyopasa, ijue kwamba mwenyewe ameondoka, isije ikakauka kwa kumsubiri. Kazi hiyo tulimpa mkweo Toan, mume wa Diu. Unamjua Toan: anabeba vigae kwa pikipiki, na kitu akikifunga kimefungwa. Mipopoo na mtopetope aliifunga vitambaa tu. Lakini mbalungi ulikuwa mti wako, upo kwenye kona ya upepo, akaona aibu kitambaa cha baba mkwe kikipeperuka na kutumbukia kisimani. Akazungusha kamba ya nailoni juu yake na kukaza. Alikuwa analia alipokuwa akiifunga, ndiyo maana tukamwacha afanye atakavyo.

Majira ya maua yalipofika, mbalungi ulichanua kuliko wakati mwingine wowote. Maua yalijaa mpaka majani hayakuonekana, na harufu ilifika barabarani. Watu walipunguza mwendo wa baiskeli. Walisema Thuc amerudi kutimiza ahadi. Mama aliyatia maua kwenye chai, akayatia ndani ya mto wa kulalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba tulimsikia akicheka peke yake jikoni. Ungekuwepo wewe ungelishtuka, kwa sababu ulishatuambia zamani kwamba mti ukichanua kupita kiasi kuna kitu kinausumbua. Sisi tulisahau. Tulikuwa tumefurahi mno.

Vitunda vilipofika ukubwa wa kidole gumba vikaanza kudondoka. Vilidondoka vyote, tukivisikia usiku na mchana, tap, tap, juu ya kifuniko cha kisima. Kisha majani yakaanza kugeuka njano kutoka juu. Mama alijaribu majivu, akajaribu maji ya kuoshea mchele, akapaka shina chokaa, akachimba mfereji na kuufukia. Mwishowe akaamua kwamba mti haukuambiwa vizuri. Uliambiwa siku ya mazishi, katikati ya kelele za ngoma na tarumbeta, huenda haukusikia. Kwa hiyo akafunga kitambaa cha pili juu ya kile cha kwanza, akauambia tena. Majani yakaendelea kuanguka, akafunga cha tatu, na kingine, mpaka shina likafanana na mguu wa majeruhi. Kila asubuhi alisimama pale akauambia mti kwamba bwana wake amefariki. Halafu akaingia ndani na kukutengea chakula, Baba, wala si kwenye meza ya ubani wanapowekewa marehemu. Alikutengea mkekani, pale unapokaa.

Tulikuwa na hofu mbili na tuziseme wazi. Tuliogopa mti utakufa, na tuliogopa Mama ataufuata. Alikuwa amekonda hata bangili ya jade aliyovishwa siku ya harusi ikawa inapanda mpaka kiwikoni. Diu alitaka kumchukua mjini kwa nguvu. Toan alishauri mti ukatwe mapema ili ajue moja, na wiki nzima Mama hakumsemesha.

Ndipo ikafika tena tarehe tano ya mwezi wa tano, wiki iliyopita. Dada yako, Shangazi Ngat, alikuja asubuhi na kikapu cha plamu na tambuu yake shavuni, na alipoona panga limenolewa akasema nyumba yenye msiba haichezi maigizo na miti. Mama akamwambia kwamba yeye hachezi. Mti uliomba mwaka mmoja, mwaka umefika, naye anataka kuusikia unasema nini.

Shida ikawa nani awe mti. Diu alikataa, alisema akifungua mdomo huko juu atalia badala ya kusema. Akabaki Toan. Alivua viatu, akapanda kwa shida, tawi likalalamika, na jirani yetu Hoach, aliyekuwa ameshaegemea ukuta mahali pake pa kila mwaka, akasema mti mgonjwa mnaupandishia gunia la vigae. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aligonga shina kwa mgongo wa panga.

"Wewe mbalungi, uliniahidi. Mbona unakauka?"

Toan alikohoa. "Nihurumie, bibi."

"Nimekuhurumia mpaka nimechoka. Uliambiwa kama bwana wako amefariki?"

"Niliambiwa, bibi. Kila siku naambiwa."

"Basi una nini?"

Toan akatazama chini kutafuta la kusema, na kutoka kule juu akaona ambacho sisi wa chini hatukuwa tumekiona kwa sababu ya vitambaa. Shina, pale juu ya vitambaa vyake vya msiba, lilikuwa limevimba mzunguko mzima, na katikati ya mikunjo ya kitambaa cha kwanza kamba yake ya bluu ilikuwa imezama ndani ya gome. Diu anasema masikio ya mumewe yalibadilika rangi. Angeweza kushuka akamwita Mama pembeni. Angeweza kusubiri mpaka majirani waende. Alikaa juu palepale, na sauti ya kulialia ikamwisha.

"Bibi, nimekabwa."

"Nani kakukaba?"

"Mkwe wa nyumba hii. Alinifunga kamba siku ya mazishi. Hakujua kwamba nakua."

Hoach aliacha kuegemea ukuta. Mama alifungua vitambaa kimoja baada ya kingine, akivitundika begani, mpaka akafika kwenye kamba. Aliitazama. Alipoinua panga, Shangazi Ngat akamshika kifundo cha mkono na kumwita kwa jina lake.

"Thoan, usiguse hapo. Muda wa msiba haujaisha. Ukiuvua mti leo, unamwambia mdogo wangu tumeshamalizana naye."

"Wifi, niache."

"Wazazi wetu wote wawili tuliwafanyia hivi. Hatukuvua hata siku moja kabla."

"Wifi, huyu mdogo wako alivua shati lake akaifunika miche ya nyanya jua likiwaka, akarudi ndani mgongo umeungua. Siku tatu namkanda. Leo wewe unataka mti ufe kwa heshima yake?"

Shangazi akauachia mkono. Unamjua alivyo, maneno hayamwishi hata akiwa amelala, lakini pale alitafuna tu tambuu yake, macho kwenye shina. Kisha akaitema, akafuta mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akapiga magoti upande wa pili wa mti na kulishika gome kwa mikono miwili ili panga lisiteleze. "Kata, basi," alisema. "Kata nami nikiwepo."

Haikuwa kazi ya mara moja. Kamba ilikuwa imemezwa, ikabidi Mama aichokonoe kwa ncha, uzi kwa uzi, na utomvu ukamlowesha mikono. Toan alibaki juu ya mti muda wote huo, maana hakuna aliyemwambia ashuke na yeye hakuthubutu kuuliza. Kipande cha mwisho kilipotoka tuliona gome limekatika karibu pande zote. Upande wa kisima tu, ambako kitambaa kilijikunja na kuwa kinene, palibaki sehemu nyembamba iliyo hai.

Kwa kawaida hapo ndipo mti huahidi na kusamehewa, watu wakaenda kula. Mama hakuondoka. Alisimama na panga lake, vitambaa vyeupe vimemjaa begani, akainua uso kutazama majani.

"Na yeye," akauliza, "anarudi lini?"

Hakuna aliyecheka, Baba. Toan alimtazama Diu. Diu alikuwa ameziba uso kwa mikono. Toan akamtazama Shangazi, naye alikuwa ameinama. Akalikumbatia tawi kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Harudi, bibi," mti ukasema. "Mimi niliambiwa tangu siku ya kwanza."

Mama akaliweka panga chini. Akakaa. Alikaa kwenye udongo uliolowa, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, mgongo kwenye ukuta wa kisima, na akalia kilio ambacho siku ya mazishi hatukukisikia, kwa sababu siku ile alikuwa anahesabu viti vya wageni. Shangazi Ngat alijikokota akaketi karibu yake. Hatukuwagusa. Tulimsaidia Toan kushuka, tukakaa nao, kila mtu mahali alipopata, kati ya nyanya chungu na mlenda, mpaka joto likapungua.

Hatujui kama mbalungi utapona, na hatutaki kukudanganya siku kama ya leo. Majani bado yanaanguka. Toan anapita kila jioni akitoka kazini, anapaka udongo kwenye jeraha, anaondoka bila kunywa hata chai. Mama amemwambia mara mbili kwamba hamlaumu. Mara ya tatu amemwambia kwamba akiendelea kununa atamlaumu. Mama mwenyewe bado anazungukazunguka, bado anahamisha nanaa ya watu. Ila tangu siku ile akichoka hutafuta mahali akaketi, na mchana analala, tena anakoroma, jambo ambalo ungelipenda sana kumtania nalo.

Leo tumekupikia supu ya kaa. Madodoki ni yale yale, yamepanda mpaka paa la jikoni kwa kukosa mtu wa kuyakemea. Mbalungi hauna tunda la kukuwekea, na kitambaa cheupe hauna tena. Kama tumekosa kuuvua mapema, kosa tunalichukua sote. Lakini Mama ametuagiza tuandike kwamba ukiwa na hasira umwendee yeye, wengine uwaache walale, na kwamba jibu lake analo.

Tunaokukumbuka ni mkeo, Pham Thi Thoan; dada yako, Luong Thi Ngat; binti yako Luong Thi Diu na mumewe Bui Toan; mjukuu wako Khue, ambaye sasa ndiye anayesingizia panya; jirani yako Hoach, aliyeomba jina lake liwepo; na watu wote wa njia ya kisimani, ambao wanasema walijua siku zote mboga zilitoka kwa nani.

Hatukungoji tena, Baba. Tunakukumbuka, na tutakukumbuka siku zote.